Ulizeni Maji Kwanza, Mabegi Baadaye

Aka! Desemba ndiyo hiyo imeingia, na treni yawamwaga tena pale Miritini. Baba kavaa kofia ya ukindu, mama ana ratiba kwenye simu, watoto wameshavaa miwani ya kuogelea na hata mjini hawajafika. Ukiwauliza mwaenda wapi, wanakwambia hotelini. Na mkishafika hotelini? Wanakutazama tu. Likizo yote watashinda ndani ya bwawa lenye dawa ya klorini, na Bahari ya Hindi iko hapo nyuma ya ukuta yavuma peke yake. Kisha warudi Nairobi waseme Mombasa ni joto na bei.

Sisi wa kijiweni twasonya, kazi yetu ndiyo hiyo. Lakini juzi dereva wa tuktuk, ambaye kwa habari atushinda sote, kaleta kisa kilichomfanya hata muuza kahawa aache kugonga vikombe. Alibeba familia moja asubuhi, saa nne na ushei, kuwapeleka ufuoni Nyali. Kufika, maji hakuna. Mchanga, mawe, mwani, na bahari yenyewe imejisogeza huko mbali kwenye mwamba. Yule baba akashuka, akatazama kushoto, akatazama kulia, akamgeukia dereva: "Hapa sipo. Nipeleke kwenye bahari." Akaelezwa kuwa maji yamekupwa, yatarudi. Akauliza yatarudi saa ngapi, na ni nani anayehusika.

Nani anayehusika! Tulicheka mpaka mbwa wa jirani akabweka. Asiyecheka alikuwa mzee mmoja aliyezeeka na nyavu, yeye huketi pale pembeni na tasbihi yake. "Msimcheke," akasema. "Mwambieni." Basi nawaambia, na mkikasirika mtakuwa mmekasirishwa na mzee, si mimi.

Hapa kwetu bahari ndiyo yenye ratiba, nyinyi hamna. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana mmoja, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Kwa hivyo zile saa alizokuandikia shemeji yako aliyekuja mwezi jana zitupe. Tazama mwezi. Ukiwa mchanga au mpevu, na siku chache baada yake, hayo ni maji ya bamvua: yaenda mbali kabisa na yarudi juu kabisa, na kati ya chini na juu pana zaidi ya mita tatu. Mombasa siku za bamvua maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na ifikapo saa kumi, saa kumi na moja jioni yashapanda hadi kwenye ngazi za hoteli. Mwezi ukiwa nusu, hayo ni maji mafu. Hayaendi mbali, hayarudi kwa kishindo, na saa zimegeuka: asubuhi ile ya saa nne ndiyo yamejaa, alasiri ndiyo yamekupwa. Mtoto wa darasa la nne aweza kulijua hilo kwa kutoka nje usiku na kuinua kichwa. Baba yake mwenye shahada mbili anamtafuta anayehusika.

Sasa, ukiamka siku ya bamvua ukakuta maji yameondoka, usinune. Hapo ndipo mtoto wa bara hupata kitu ambacho bwawa haliwezi kumpa. Mvisheni viatu vya raba, kwa sababu mwamba wakata na kuna yale madude meusi yenye miiba mirefu ambayo ukiyakanyaga likizo imekwisha. Kisha tembeeni taratibu hadi kwenye vidimbwi vilivyobaki katikati ya mawe. Mtaona viti vya pweza, vyekundu na vya buluu. Mtaona jongoo bahari kalala hana habari na mtu, kaa wakikimbia upande, vijisamaki vya rangi ambayo hata dukani hamjaiona. Mkiwa na mtu wa hapa anayejua mashimo, atawaonyesha pweza mwenyewe akibadilisha rangi ili msimwone. Mahali penye mchanga ndani ya maji, msinyanyue miguu, iburuzeni, ili taa aliyejifukia apate kusikia na kuondoka zake. Hakuna mtoto niliyemwona akichoshwa na haya. Watu wazima ndio huuliza tutarudi lini.

Na hapa nasonya mara ya pili. Yule mama anayemnyanyua kiti cha pweza juu, amkabidhi mwanawe, apige picha ishirini! Yule ni kiumbe, ndani ya maji ndimo apumuamo. Mpigeni picha hapo hapo alipo, maji yenyewe ni mangavu. Na makombe yaacheni. Ndani ya hifadhi za bahari, kama ile ya Mombasa iliyotangazwa 1986, kuokota ni marufuku, na hata nje yake kombe unaloliona tupu huenda lina kaa ndani anayelipia kodi.

Jambo kubwa la kuogopa ni moja. Maji yakigeuka, geukeni. Watu hudhani yatawajia kwa mbele ili wayaone. Ah-ah. Hupitia kwenye mifereji iliyo nyuma yenu, nanyi mmesimama kwenye fungu la mchanga mwajipiga picha, mkija kutanabahi kati yenu na pwani pana mto. Ndiyo maana nasema chukueni mwenyeji. Najua mabichi boi wana jina baya, na wengine wamelitafuta wenyewe kwa ukaidi wao, mtu kasema hapana mara saba bado wamwonyesha bangili. Lakini yule kijana aliyezaliwa hapo nyuma ya hoteli anaujua mwamba ule kuliko meneja. Patana naye bei kabla hamjatia mguu majini, si baada.

Wenye watoto wadogo, wa miaka mitatu, minne, ombeni Mungu mkutane na maji mafu. Mwamba unaopita sehemu kubwa ya pwani yetu huyavunja mawimbi huko nje, na ndani maji hutulia, mtoto akaketi yakamfika kiunoni. Ila jueni pia kuwa mwamba una milango, zile sehemu ulipokatika ndipo vyombo vipitapo, na kwenye mlango mkondo huvuta. Muulizeni mvuvi mlango uko wapi, kisha ogeleeni kwingine.

Kijana mmoja hapa kijiweni, mwenye simu kubwa kuliko uso wake, akanikatiza: "Ami, watoto wa siku hizi wataka slaidi na muziki, si jongoo." Nikamwambia majongoo ndiyo kwanza naanza.

Nendeni Haller Park, Bamburi, alasiri jua likipungua. Mtu akikwambia ni bustani ya wanyama tu, hakukueleza kitu. Pale palikuwa na shimo la kiwanda cha saruji, jiwe la matumbawe lililochimbwa mpaka likabaki jangwa jeupe lisilomea hata nyasi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na kiwanda hicho, akaanza kujaribu miti, aina moja baada ya nyingine. Mingi ikafa. Uliostahimili zaidi ukawa mvinje. Lakini majani ya mvinje yale membamba yalianguka yakarundikana chini, hayaozi, na pasipooza hapana udongo. Aliyekuja kuokoa jahazi ni jongoo, yule mkubwa mwenye miguu myekundu ambaye nyanya zetu walikuwa wakimfagia uani. Alionekana akiyala yale majani, wakaokotwa wengi wakamwagwa humo, wakala, wakanya, na kinyesi chao ndicho kikawa udongo. Msitu wote mnaoutembea leo, na twiga mnaowalisha kwa mkono, na mamba, na kobe, chini yake pana kazi ya jongoo. Mwaka jana nilimwona mama mmoja humo humo akimpiga jongoo kwa kiatu. Lahaula! Mwenye msitu huyo!

Watoto pia wataka kusikia kisa cha Owen na Mzee, na muwaeleze kabla hamjafika ili wakanyage wakijua. Desemba 2004, wakati wa ile tsunami, mtoto wa kiboko aliyetenganishwa na kundi lake karibu na mto Sabaki alikwama baharini, watu wa Malindi wakamtoa kwa nyavu, baada ya kazi kweli kweli. Akaletwa Haller Park, akaitwa Owen. Humo akamkuta kobe mkubwa wa kutoka Aldabra, umri wake zaidi ya miaka 100, jina lake Mzee. Kiboko akamng'ang'ania kobe, akalala naye, akala naye, akamfuata majini. Kobe mwanzoni akamfyonya, kisha akazoea. Visa vyao vimeandikiwa vitabu vya watoto na kusomwa duniani, na kuna watoto wa Mombasa hii hii hawajavisikia. Hilo nalo lanitia uchungu, ila tuliache.

Jua la saa sita msishindane nalo. Sisi wenyewe hulala. Nawaona mwatembea Ngome ya Yesu adhuhuri, mtoto mwekundu, maji ya chupa yashachemka, baba bado asoma vibao kwa sauti. Ngome yataka asubuhi mapema, lango likifunguliwa tu. Na msianze na vigae na mitungi kabatini, mtoto hatawasamehe. Anzeni na mizinga juu ya kuta, mumwambie Wareno walianza kuijenga 1593 ili waishike bahari hii, na kwamba Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi 1698, karibu miaka mitatu, watu ndani wakifa kwa njaa na maradhi. Kisha mwonyesheni michoro ya merikebu na samaki ambayo wanajeshi wa Kireno walichora ukutani kwa kukosa kazi. Mtoto aliyewahi kuchapwa kwa kuchora ukuta wa sebuleni ataielewa kuliko profesa. Mwambieni pia kuwa Waingereza waliigeuza jela, na ilibaki jela hadi 1958. Mkitoka, ingieni Mji wa Kale kwa miguu, ila dada zangu jitupieni leso mabegani na baba avae shati. Hapo ni majumbani mwa watu, bibi ameketi mlangoni mwake, na mkimwamkia "Shikamoo bibi" mtaonyeshwa mlango wa nakshi ambao mtembeza wageni hajui.

Tena kuna mambo ya bure, ndiyo yanayofanya watu wa hoteli wakunje uso. Feri ya Likoni! Mwenye miguu halipi. Mtoto wa Nakuru ukimpandisha chombo kikubwa kile, magari chini, watu juu, meli ya makontena yapita mbele na feri imesimama kuipisha, atasahau hata ngamia wa ufuoni. Vukeni, mnywe dafu Likoni, mvuke tena. Epukeni alfajiri na saa kumi na moja jioni, wakati watu wa kazi wavukapo, maana hapo mtu hushikwa na umati akajikuta ng'ambo hakutaka. Mshikeni mtoto mkono, na simu iwe mfuko wa mbele. Wenye gari waendao Diani kwa haraka wana barabara ya Dongo Kundu siku hizi, lakini kumnyima mtoto feri kwa ajili ya haraka, sijui mwaharakia nini.

Jioni ya siku hiyo hiyo nendeni Mama Ngina, sisi twapaita Laithausi. Pametengenezwa upya 2019, pana viti na njia za kutembea, lakini mibuyu ni ile ile na bahari ni ile ile. Kaeni ukingoni. Meli zielekeazo Kilindini hupita karibu hivi kwamba watoto huwapungia mabaharia, nao hupunga. Hapo nunueni muhogo wa kuchoma uliopasuliwa ukatiwa pilipili na ndimu, mabuyu mekundu yatakayochafua viti vya gari la kukodi, na embe la achari. Watoto wa mjini huja hapa Jumapili na nguo zao nzuri, wacheze na wenu, na muda si muda wenu atasema "mambo" kwa lafudhi.

Pirates mwataka niseme nini? Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, kila mtu apajua. Ni raha siku ya kawaida, ya kazi. Siku ya pili ya Krismasi na siku za Idi, mchanga hauonekani, waona vichwa tu. Mkikaidi mkaenda, mwandikieni mtoto namba ya simu yenu mkononi kwa kalamu, kwa sababu kila mwaka watoto hupotea hapo, nao hupatikana, lakini hayo masaa katikati simtakii mtu. Maboya ya kukodisha, yale matairi meusi, yafungeni kamba muishike wenyewe. Na ngamia, jamani, ulizeni bei ya kupanda na bei ya kushuka. Mimi sicheki.

Upande wa kaskazini, mkipata siku moja nzima, ondokeni alfajiri mwende Gede, kilomita 100 hivi. Mji mzima wa Waswahili wa mawe, misikiti, jumba la mfalme, visima, mitaa, watu walihama mwanzoni mwa karne ya 17 msitu ukaufunika. UNESCO imeutia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, wenyewe twaujua zamani. Watoto hupenda vitu viwili humo: kujificha nyuma ya kuta, na kima. Basi ndizi zifungieni ndani ya begi, msiwalishe, la sivyo kima wataondoka na begi. Hapo hapo mlangoni kuna Kipepeo, mradi ulioanza 1993. Wakulima walio ukingoni mwa msitu wa Arabuko Sokoke hufuga viwavi, wakauza ng'ambo viwavi hao wakishajifunga gandani, na kwa hivyo msitu wawaletea pesa ukiwa umesimama. Mtoto atamwona kipepeo akitoka kwenye ganda lake, mabawa bado yamekunjamana. Mchana shukeni Mida mtembee juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko, na Dabaso mle sambusa za kaa. Watamu kuna kituo kinachotibu kasa walionaswa na nyavu. Mkiyaunganisha hayo yote kwa siku moja mtachoka, lakini mtoto atalala garini, na hilo nalo si dogo.

Kusini, Diani, kuna ngazi za kamba zilizotundikwa juu ya barabara ili mbega wavuke wasigongwe na magari. Watoto wazihesabu kuanzia mwanzo hadi mwisho wa barabara, nyinyi mpate kupumua. Kaya Kinondo ni ya walio wakubwa kidogo wanaojua kunyamaza: ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mtavishwa kaniki na mtaongozwa, na yasiyofanywa humo hayafanywi. Wasini kwa pomboo, vizuri sana, ila wakati wake mzuri ni wa upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ikiwa shwari na maji maangavu. Nyinyi mwapenda kuja Agosti shule zikifungwa. Agosti ni kusi! Bahari imechafuka, mwani umejaa ufuoni, na mtoto wa miaka mitano kwenye mashua atatapika mpaka pomboo wamwonee huruma. Agosti shikeni Gede, Haller na ngome, na mkibahatika Watamu mtawaona nyangumi wakipita huko nje. Lamu siigusi leo, Lamu yataka kijiwe chake.

Mbebe vitambulisho, mwananchi hulipa kidogo kwenye makumbusho na mbugani, na hifadhi za shirika la wanyamapori, KWS, hazipokei noti, ni kulipa kwa eCitizen, kwa hivyo chajini simu.

Kilichobaki ni chakula, na hapa ndipo kijiwe kilipoharibika. Mimi nikasema asubuhi wapelekwe mahamri na mbaazi, bufe ya hoteli waiachie Wajerumani. Muuza kahawa akasema hakuna mtoto wa bara anayekula mbaazi za nazi asubuhi. Dereva akaapa alimwona mmoja akila sahani mbili akalilia ya tatu. Yule kijana wa simu akaleta habari ya viazi karai, na nani avipika vizuri, na ukwaju wa nani ndio mzito. Watu wazima wakanyanyuka vitini. Mmoja akataja Mji wa Kale, mwingine Majengo, wa tatu akataja mama yake mzazi, ambalo si jibu. Mzee wa nyavu akasema kuna bibi mmoja, jioni baada ya magharibi, karai lake moja na benchi moja, na akishaishiwa unga hakai hata dakika.

Namjua. Nakula kwake. Mahali pake siwaambii, msikasirike. Mkijaa familia nzima na masanduku yenu pale kwenye benchi moja, mimi nile wapi?